Amani: msitu uliokatwa, msitu uliorudi

Sigi hakuna treni tena. Anayepanda Amani akitokea Muheza hufika kwanza kwenye nyumba ya zamani ya stesheni masta, iliyojengwa na Wajerumani, ambayo siku hizi ni kituo cha habari cha Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Hapo mgeni huelezwa habari za msitu, miti yake, ndege wake na vinyonga wake, ndipo aanze kupanda mlima. Reli yenyewe iling'olewa zamani. Ilikuwa reli nyembamba ya kama kilomita 23 kutoka Tengeni, ilikoungana na njia kuu ya Tanga, na ilipomalizika mwaka 1910 kazi yake kubwa ilikuwa kuteremsha magogo. Kwa hiyo nyumba ambamo leo watu hufundishwa namna ya kuulinda msitu ilijengwa ili msitu utoke. Walioichagua kwa kazi hiyo ya kufundisha, wawe walikusudia au hawakukusudia, hawakukosea.

Misitu michache ya Afrika imewekwa machoni pa watu kwa njia nyingi kama huu wa Usambara ya Mashariki. Umeonyeshwa katika vyungu vya maua, katika karatasi za mimea mikavu, katika chupa za spiriti, katika bustani iliyogawanywa viwanja, na hatimaye katika nyumba za vioo za vipepeo huko Ulaya na Marekani. Mtu anaweza kuisoma historia yake kwa kuyafuata maonyesho hayo moja baada ya jingine, mradi asisahau kuuliza kila mara: wakati hiki kinatazamwa kule, huku mlimani kilikuwa kinakatwa nini?

Tuanze na jambo ambalo maonyesho mengi hulipita haraka. Msitu huu haukuwa mtupu. Katika miaka ya 1980 mwanaakiolojia Peter Schmidt alizipekua Usambara na kukuta vigae vya vyungu na dalili za uyeyushaji wa chuma vya Zama za Chuma za mwanzo, katika milima ambayo wengi walidhani haikuwahi kuguswa na shoka. Watu waliishi humo, walilima, walichoma mkaa wa kuyeyushia chuma, kisha wakahama na miti ikafunga nyuma yao. Karne nyingi baadaye ikaja milki ya Wakilindi. Kimweri ye Nyumbai aliitawala milima hii na nchi ya chini yake kutoka Vugha hadi alipofariki mwaka 1862, na vita vya urithi vilivyofuata viliwatawanya watu wengi. Wazungu walioingia miaka thelathini baadaye walikuta vilele vyenye wakazi wachache, wakaandika kwamba wameona msitu wa tangu kuumbwa kwa dunia.

Onyesho la kwanza lilikuwa la ua. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, aliona kwenye miamba yenye kivuli ua dogo la rangi ya zambarau, lenye majani manene yenye manyoya. Akalituma kwa baba yake Ujerumani. Baba akalifikisha kwa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka 1893 akalipa jina la Saintpaulia ionantha. Mwaka huohuo likaonyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya maua mjini Ghent, Ubelgiji, na wenye bustani wakalipenda mara moja. Leo ni ua la dirishani katika nyumba zisizohesabika za Ulaya na Marekani, la waridi, jeupe, lenye pindo, upendavyo. Kwenye miamba yake ya asili limebaki vipandevipande. Haliwezi kuishi bila kivuli, kwa hiyo mti mmoja mkubwa ukikatwa juu ya mwamba, jua likaingia, kundi zima la maua hayo hukauka bila mtu kuligusa.

Na wakati watu wa Ghent wanaliinamia ua, Derema walikuwa wanafyeka.

Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilifungua shamba la kahawa Derema mwanzoni mwa miaka ya 1890. Yakafuata Nguelo, Bulwa, Monga na mengine. Hesabu ya walowezi ilionekana haina kasoro: mti unaosimama mita 40 lazima unakula udongo mnono, ondoa mti, panda kahawa. Vibarua walitafutwa mbali, wengi wakiwa Wanyamwezi na Wasukuma waliotembea kutoka bara, kwa sababu wenyeji walikuwa na mashamba yao na hawakuona sababu ya kuyaacha. Magogo mengi ya msimu ule hata hayakuuzwa. Yalilazwa yakachomwa papo hapo.

Kahawa ilianza vizuri, ikazaa, kisha ikanyong'onyea. Sababu iko chini ya miguu. Miamba ya Usambara ni ya kale mno na Amani hunyeshewa karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo udongo wake umeoshwa kwa muda mrefu kiasi kwamba ni mwekundu, mchachu na wenye rutuba haba. Utajiri haukuwa ardhini, ulikuwa unazunguka juu yake: jani linaanguka, linaoza, mizizi iliyotambaa juujuu inalidaka kabla mvua haijalichukua, nalo linarudi kuwa jani. Ukikata miti na kuichoma unapata majivu ya misimu michache, basi. Bei ya kahawa duniani nayo ikaporomoka kwa sababu ya mavuno ya Brazili, na mwanzoni mwa karne ya 20 mashamba mengi yalikuwa yanahema. Kosa hili limerudiwa na wenye kufyeka misitu ya mvua katika mabara matatu, na kila mara anayelifanya hujiona wa kwanza kuiona ardhi nzuri.

Huko Berlin, wakati huo, msitu ulikuwa unakua kwa namna nyingine. Adolf Engler, mkuu wa bustani na makumbusho ya mimea ya mji huo, alikuwa akipokea marobota ya mimea mikavu kutoka koloni, mengi yakiwa yamekusanywa Usambara na mtunza bustani Carl Holst, ambaye jina lake bado limeganda kwenye mimea kadhaa. Mwaka 1895 Engler alitoa kitabu kikubwa juu ya mimea ya Afrika Mashariki, na mwaka 1902 akaja mwenyewe kuitazama milima. Karatasi moja ya hebaria ni kitu cha kawaida kabisa: tawi lenye majani, ua au tunda ikiwezekana, limekandamizwa likakauka, likashikizwa kwa vipande vya utepe kwenye karatasi ngumu. Pembeni kuna lebo: jina la mmea, mahali, urefu kutoka usawa wa bahari, tarehe, jina la mkusanyaji. Lebo hiyo haina nafasi ya jina la kijana aliyepanda mti kulikata tawi, wala ya mzee aliyemwonyesha mkusanyaji njia na kumwambia mti huo hutibu nini.

Karatasi hizo ndizo zilizoufanya msitu wa Usambara ujulikane na wataalamu, na nyingi zilikuwa sampuli za kwanza, zile ambazo jina la mmea limefungwa nazo milele. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 mabomu ya ndege yaliangukia makumbusho ya Berlin. Mamilioni ya karatasi yakateketea. Nakala chache zilizokuwa zimegawiwa kwingine, kama Kew nchini Uingereza, zilinusurika, lakini kwa mimea kadhaa mtaalamu hakuwa na la kufanya ila kurudi mlimani kutafuta upya. Kwa miaka hamsini Usambara iliyokuwa salama ni ile ya Berlin, na iliyokuwa hatarini ni ya Tanga. Katika usiku mmoja mambo yakageuka.

Turudi mwaka 1902. Kahawa ilipoyumba, serikali ya kikoloni ilijibu kwa sayansi. Ikaanzisha Amani taasisi ya utafiti wa viumbe na kilimo, mkurugenzi wake wa kwanza akiwa Franz Stuhlmann, na baadaye Albrecht Zimmermann. Katika muda mfupi ikawa miongoni mwa taasisi zilizosifika sana katika nchi za joto. Kiini chake kilikuwa bustani ya hekta kama 300, ikipanda kwa ngazi kutoka joto la bonde la Sigi hadi baridi ya Amani, na ndani yake ilipandwa miti kutoka pembe zote za dunia ili ionekane upi utastahimili: kafuri, mdalasini, karafuu, misaji, mianzi, mikwinini, mipira ya aina kadhaa. Kila aina na kiwanja chake. Kwa lugha ya leo tungesema ilikuwa makumbusho ya miti hai, ila makumbusho haya yalifanywa kwa kuondoa msitu uliokuwepo.

Vita Kuu vilipoifungia koloni bahari, Amani iligeuka karakana ya kila kitu: kwinini kutoka magome ya mikwinini, sabuni, mafuta, vitu vya mpira. Waingereza wakaiteka mwaka 1916, wakaiacha ikae karibu bure kwa miaka, kisha mwishoni mwa miaka ya 1920 wakaifufua kama kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki yote. Hapa inafaa nitoe haki yake, kwa sababu ni rahisi kuisema bustani ile vibaya tu. H. H. Storey, mtaalamu wa magonjwa ya mimea, na R. F. W. Nichols walikaa Amani wakihangaika na batobato ya mihogo. Nichols aliupandanisha muhogo na mpira wa Ceara, mti wa Amerika ambao walowezi wa Kijerumani walikuwa wameupanda kwa tamaa ya mpira hadi bei ilipoanguka mwaka 1913. Katika vizazi vya upandanishaji huo zikapatikana mbegu zinazostahimili batobato, na damu yake ilifika hadi Nigeria na kuingia katika mihogo inayolimwa leo sehemu kubwa ya Afrika. Mti ulioletwa kwa ajili ya matairi ya Ulaya ukaishia kulisha nyumba ambazo hazijawahi kusikia jina la Amani.

Miaka hiyohiyo ofisini kwa kituo alikuwepo Reginald Moreau, mhasibu kwa ajira na mtu wa ndege kwa moyo. Aliifanya milima hii ijulikane kwa ndege wake kuliko karibu milima yoyote ya Afrika. Ndege mdogo mwenye mdomo mrefu aliyepatikana Amani akapewa jina lake mwaka 1931. Sehemu kubwa ya takwimu zake za viota ilikusanywa na wasaidizi Waafrika waliokaa saa nyingi chini ya miti wakihesabu mara ngapi mzazi analeta chakula. Kabla yake, mwaka 1926, Arthur Loveridge wa makumbusho ya Harvard alikuwa amepita akiokota vyura na mijusi. Katika mizigo yake alikuwemo chura mmoja mdogo wa Amani, ambaye yeye na Thomas Barbour walimwita Parhoplophryne usambarica mwaka 1928. Ndiye huyo tu. Tangu hapo watu wamepekua majani yaliyooza, wamechimba mashimo ya mitego, wamekesha na tochi, na hajaonekana wa pili. Spishi nzima, kwa tunavyoijua, ni chupa moja Massachusetts.

Mwaka 1950 hebaria ya Amani, iliyokuwa imetunzwa na P. J. Greenway, ilifungashwa na kupelekwa Nairobi, ambako ipo hadi leo jirani na makumbusho ya taifa. Watafiti wa kilimo nao walihamia Muguga. Majengo ya Amani yakachukuliwa na watafiti wa malaria, na sababu mojawapo ya kupachagua ni kwamba urefu ule ulikuwa na malaria kidogo. Hapo msitu ulitoa onyesho ambalo hakuna aliyeliandaa. Mwaka 1987 Y. G. Matola na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba malaria imepanda mlima: Amani yenyewe sasa ilikuwa na maambukizi ya kudumu. Dawa zilizoanza kushindwa zilichangia, lakini pia makazi yalikuwa yameongezeka na miti kupungua, madimbwi yakapata jua, na mbu wa bondeni wakapata kwao milimani. Taasisi ya malaria haikuhitaji tena kuteremka Muheza kutafuta wagonjwa.

Miti ilikuwa imepungua kwa njia mbili, na hazifanani.

Ya kwanza ilikuwa iliki. Mkulima alipata kipande msituni, akafyeka vichaka na miti midogo, akaacha mikubwa iliyotoa kivuli, akapanda iliki chini yake. Kwa mtazamaji wa mbali msitu ulikuwa bado umesimama. Iliki ilikuwa na bei, ni nyepesi kubeba kichwani kwenye njia mbovu, na ikishakaushwa haiozi upesi, sifa ambazo mahindi na ndizi hazina. Lakini ukiingia ndani ulikuta msitu usio na watoto: miti mikubwa imesimama juu, chini hakuna mche hata mmoja wa kuirithi, kwa sababu kila mche ulipaliliwa. Kisha baada ya miaka kama kumi iliki huchoka, na mkulima huwa na sababu ya kuangusha hata ile mikubwa ili apande migomba, mahindi au mihogo. Lawama zimemwangukia mno mkulima huyu. Ukweli ni kwamba ardhi nzuri ya tambarare ilikuwa imeshachukuliwa na mashamba makubwa, kwanza ya kahawa na kisha ya chai, zao linaloupenda udongo mchachu uleule ulioishinda kahawa. Yeye alibanwa kati ya uzio wa chai na mpaka wa msitu wa serikali.

Ya pili ilikuwa mashine. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kiwanda cha mbao cha Tanga kilichokuwa mali ya umma kilipata mitambo mipya kwa msaada wa Finland. Hadi wakati huo wapasuaji walikuwa wakifanya kazi kwa mikono: mmoja juu ya gogo, mmoja chini shimoni, msumeno ukipanda na kushuka, mbao zikibebwa begani. Sasa yakaja matrekta makubwa ya kuburuta magogo, yakikata njia kwenye miteremko mikali. Mtambara, mti mrefu mnyoofu ambao jina lake la kitaalamu, Cephalosphaera usambarensis, linataja milima hii, ulipendwa kwa plaiwudi. Kwa kila mtambara uliotolewa, mingine kadhaa ilivunjika wakati wa kuanguka, na mvua ya masika ilipofika, njia za matrekta zikawa makorongo. Mto Zigi, ambao pia huandikwa Sigi, unaotoka kwenye misitu hii na kulijaza bwawa la Mabayani linalonywesha jiji la Tanga, ukashuka mwekundu.

Wanasayansi walikuwa wameshapiga kelele. Alan Rodgers wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Katherine Homewood walikuwa wameandika mwaka 1982 juu ya wingi wa viumbe wa Usambara wasiopatikana kwingine. Zikafuata kelele huko Finland kwenyewe, kwa watu waliotaka kujua kodi yao inafanya nini Tanzania. Ikafanyika hesabu ya miti katika 1986 na 1987, na ukataji wa mashine ukasimamishwa. Kisha nchi iliyokuwa imetoa misumeno ikaanza, mwaka 1991, kugharimia mradi wa kuhifadhi misitu ileile. Msomaji anaweza kucheka. Mimi naona afadhali mfadhili anayegeuka kuliko asiyerudi kuangalia alichokiacha.

Na hapa ndipo tunapokutana na msizi, ambao kwangu ndio hadithi yenyewe ya Amani.

Msizi, Maesopsis eminii, ni mti wa magharibi. Kwao ni Uganda, kandokando ya Ziwa Victoria na misitu ya Kongo. Jina lake la pili linamkumbuka Emin Pasha. Uliletwa Amani mwaka 1913 kama mgeni mwingine yeyote wa bustani, ukapewa kiwanja chake. Hukua kwa kasi ya kustaajabisha, hunyooka, hutoa mbao za kufaa. Waliposhindwa kusubiri mtambara ukue, watu wa misitu wakapanda msizi kwa wingi Kwamkoro katika miaka ya 1960 na 1970, mahali palipokuwa pamevunwa. Wala hawakuhitaji kuupanda sana. Tunda lake hubadilika kutoka kijani hadi zambarau iliyokolea, nyama nyembamba ikifunika kokwa ngumu, na hondohondo wanalipenda kuliko chochote. Ndege mmoja mkubwa anameza matunda, anaruka ng'ambo ya bonde kwa mbawa zinazosikika kabla hajaonekana, anatua, anayatapika makokwa. Kokwa likiangukia kwenye kivuli kizito halifiki mbali. Likiangukia mahali ambapo trekta lilipita au mtambara uliangushwa, jua likiwepo, baada ya miaka michache pana mti unaozaa.

Yaani msizi haukuuvamia msitu mzima. Ulipita kwenye milango iliyofunguliwa na shoka. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 Pierre Binggeli na Alan Hamilton walikuwa wakionya kwamba, mambo yakiendelea hivyo, sehemu kubwa ya msitu wa Amani itakuwa msitu wa msizi. Na haukuwa peke yake kutoroka bustanini. Wayne Dawson na wenzake walipoikagua bustani ya zamani na kuchapisha matokeo mwaka 2008, walikuta aina kama 200 za mimea ya kigeni zikiwa bado hai kutokana na upandaji wa zamani. Nyingi zimekaa pale zilipowekwa, lakini kumi na kadhaa zimesambaa mbali. Hapakuwa na njia ya kujua mapema ipi itafanya hivyo. Waliopanda bustani walikuwa wakiuliza swali moja tu: utaota? Hakuna aliyeuliza: utasimama wapi?

Hata hivyo, msizi si shetani. Ndio uliofunika majeraha. Miteremko ambayo ingebaki makorongo ina miti juu yake, na maji ya Zigi hayana habari kama kivuli chake ni cha mwenyeji au mgeni. Msizi pia hauishi sana. Miti ile ya miaka ya 1960 imeanza kuzeeka na kuanguka, na mahali pengine chini yake wataalamu wameona miche ya miti ya asili, iliyohitaji kivuli, ikipanda polepole. Pengine pana msizi chini ya msizi. Msitu uliorudi Amani ni mchanganyiko ambao hakuna karatasi ya Engler inayouonyesha.

Hifadhi ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, ya kwanza ya aina yake Tanzania, yenye hekta 8,380. Ilikusanya misitu ya serikali iliyokuwa imetawanyika, bustani ya Wajerumani, pamoja na zaidi ya hekta 1,000 za msitu wa kampuni ya chai zilizokubaliwa kutunzwa na hifadhi. Mwaka 2000 Usambara ya Mashariki ikaingizwa na UNESCO kwenye orodha ya hifadhi za binadamu na bayongahewa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachimbaji wa dhahabu wakavamia Sakale na kugeuza vijito matope, hadi walipoondolewa. Ramani za hifadhi hazikuwa zimeitarajia dhahabu.

Lakini jaribio kubwa la urejeshaji lilikuwa Derema, jina lilelile la kahawa ya kwanza. Kati ya Amani na misitu ya kaskazini palikuwa na ukanda wa karibu hekta 960, miti juu, iliki chini. Ukivunjika huo, misitu ya pande mbili inabaki visiwa. Ikaamuliwa ukanda uwe hifadhi na wakulima zaidi ya 1,000 wafidiwe. Namna ya kufidia ilikuwa kuhesabu mimea: maofisa walipita shamba kwa shamba wakiorodhesha kila shina la iliki, kila mgomba, kila mkarafuu, na kila kimoja kikawa na bei yake. Fidia ya kwanza ilitoka mapema, sehemu kubwa ikachelewa kwa miaka, wafadhili wakitafutwa huku watu wamekwisha kuzuiwa kupalilia. Wenye mashamba walilalamika kwamba shina lilihesabiwa kwa thamani yake siku ile, ilhali wao walipoteza mapato ya kila msimu na ardhi ambayo hawakupata nyingine ya kulingana nayo. Walikuwa na haki. Iliki haivunwi mara moja. Na anayekunywa maji ya bomba Tanga, pamoja nami ninayeyanywa kila nikipita mjini humo, hakuletewa sehemu yoyote ya bili hiyo.

Katika kutafuta cha kuwapa watu badala ya iliki, likaja onyesho la mwisho, la ajabu kuliko yote. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa msaada wa Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, wanavijiji, wengi wao wanawake, walijifunza kufuga vipepeo. Unajenga banda la chandarua, unaweka majike wachache, unapanda mimea ambayo aina ile ya kipepeo hutagia, unalisha viwavi, na viwavi wakishajifunga kuwa pupa unawachuma, unawafunga kwenye pamba, wanapanda ndege. Muda ni mfupi: pupa akichelewa uwanjani, kipepeo anatokea ndani ya boksi. Huko Ulaya na Marekani walifunguliwa katika nyumba za vioo zenye joto na migomba ya kutengeneza mandhari, watoto wa shule wakafundishwa habari za misitu ya mvua. Mapato yaligawanywa kati ya mfugaji na mfuko wa kijiji, na madarasa na mabati ya vijiji kadhaa yalitokana na mabawa hayo. Kwa mara ya kwanza tangu Ghent, onyesho la msitu wa Usambara lilimlipa mtu wa Usambara.

Mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, baada ya kashfa za utoroshaji wa tumbili na twiga. Vipepeo wakakamatwa na wavu uleule. Juni 2022 ikatangazwa kwamba biashara itafunguliwa kwa miezi sita, na ndani ya siku chache tangazo likasitishwa. Wafugaji walikuwa wamepanda mimea ya viwavi kwenye mashamba yao ya nyumbani, miti ya msituni ambayo vinginevyo hakuna mtu angeiotesha kwa hiari karibu na mahindi yake. Haina tunda la kuuza wala mbao. Iliki, kwa upande wake, ina mnunuzi Muheza.